Barua Yenye Vipele

Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye foleni katika ofisi ya elimu hapa Garsen, mwalimu wa wasioona alikuja kuulizia barua ya mwanafunzi wake. Msichana huyo aliichapa mwenyewe kwa mashine ya breli, maandishi ya nukta za kusomwa kwa kidole, akiomba kuitumia mashine hiyo kwenye mtihani.

"Ile karatasi ya vipele?" karani akauliza. "Nilidhani imelowa maji ya mafuriko, mwalimu. Nimeikandamiza chini ya mafaili wiki nzima. Sasa imenyooka."

Mwalimu akaipokea, akapitisha kidole juu ya karatasi polepole, mara mbili. "Umeifuta, ndugu yangu."

"Haikuwa na maandishi. Mwambie aandike nyingine, kwa kalamu."

Karani wetu si mvivu, nakubali.

Marehemu mke wangu alifundisha watoto kama msichana huyo. Mungu amlaze pema, wala asimfikishie habari hii.