Nilinusa Mbaazi za Shangazi

Jamani, leo nimemtukana shangazi yangu bila kufungua mdomo.

Mnajua nimerudi juzi kutoka likizo Ufaransa. Wiki mbili za jibini na mvinyo, picha si mliziona? Kule walitufundisha tusionje kitu kabla ya kukinusa. Nikazoea.

Leo nikatoka hapa Nachingwea kwenda Nandagala kumsalimia shangazi. Akanipikia ugali wa muhogo na mbaazi za nazi.

Basi mimi na ustaarabu wangu mpya nikainua bakuli, nikafumba macho, nikavuta harufu taratibu.

Kufumbua macho, shangazi ananitazama.

"Zimechacha, mwanangu?"

"Hapana shangazi! Zinanukia vizuri!"

Hakunisikiliza. Akachukua bakuli, akatoka nalo.

Mara nikasikia kuku anapiga kelele uani. Shangazi alikuwa na kuku mmoja tu wa kutaga.

(Ndiyo, nimemla. Ningekataaje?)

Nikaeleza mambo ya Ufaransa mpaka jasho likanitoka. Nikaapa mbaazi zilikuwa nzuri. Yeye anaitikia tu, "Haya, mwanangu."

Msinicheke. Niambieni tu nitaombaje msamaha, maana la kuku siyo lililoniumiza zaidi.

Wakati naaga, alinifungia korosho alizokaanga mwenyewe. Nikanyoosha mikono kupokea.

Akazirudisha kwanza. Akafungua mfuko, akanusa, akanusa tena.

"Chukua," akasema. "Hizi nzima."