Pipa la Mazutu Tulilolizika

Nyumbani kwetu Likasi, mashine ya kusaga mahindi ndiyo inayotulisha. Umeme unakuja ukipenda, kwa hiyo mashine inakunywa mazutu, yaani dizeli, na mazutu yanakaa ndani ya pipa. Zamani pipa lilisimama nyuma ya jiko. Wezi wakaja na mpira, wakanyonya, wakaacha matone mpaka kwenye lango.

Mama akasema, "Tutaizika kama maiti. Mwizi ataiba kitu haone?"

Tulinunua pipa jingine, lenye rangi ya buluu mpya inayong'aa, na mpangaji wetu akachimba shimo. Yeye ni mchimbaji wa madini kule Kakanda, anarudi kila Jumamosi. Alichimba bure, huku akiimba, na udongo wa shimo akauweka kando ya mlango wa Mama ili apande maua. Tulifukia pipa lote, tukaacha mdomo tu wenye kufuli, na juu yake tukafunika beseni kuukuu. Tulijisifu sana. Mimi nilishaanza kuota mashine ya pili, na kibao chenye jina la Mama.

Halafu mazutu yakaanza kupungua. Kila Mama alipotumbukiza kijiti, kililowa chini zaidi ya jana. Kufuli ilikuwa nzima.

Mama wa maombi wa kanisa letu akaja, akafumba macho, akasema, "Mwizi iko ndani ya parseli yenu, hapa nyumbani. Naona mikono yake, inanuka mazutu."

Mchimbaji gani wa Kakanda hanuki mazutu? Pampu za kutoa maji shimoni zinatumia nini, marashi? Nilisema hivyo. Nikaambiwa ninyamaze, mtoto habishani na maono. Jumapili kanisani akayarudia yale maono kwenye mikro, kipaza sauti cha kanisa, akataja "mupangaji", na watu wakageuza shingo.

Jumamosi iliyofuata Mama alimngoja mlangoni. "Weye njo ulichimba. Nani mwingine anajua mahali?"

"Mama, minye nilichimba juu uliniomba."

"Utafute nyumba ingine."

Mpangaji alikuwa bado anakunja godoro lake, jirani mwenye kisima alipoingia na ndoo, bila kubisha hodi. Aliitua mbele ya Mama. Juu ya maji palikuwa na rangi za mafuta zinazocheza.

"Muko naweka nini mu kisima yangu? Batoto banatapika."

Mpangaji aliacha godoro, akachukua koleo, akafukua. Lile shimo lilinuka kabla pipa halijaonekana. Tulipolivuta, rangi ya buluu ilibanduka kama ganda la mhogo, na chini yake bati lilikuwa limeliwa, unapitisha kidole. Maandishi yaliyofichwa na rangi yalisema lilikuwa pipa la asidi ya kiwandani, na muuzaji alilipaka rangi akijua. Hasira yangu kwake haijapoa. Tulimficha mwizi pipa, tukajificha wenyewe tundu.

Mama alipika bukari, ule ugali wetu, na samaki mkubwa. Kwetu hiyo ndiyo samahani.

"Yaya, kula," nilimwambia mpangaji, kama ninavyomwita kaka mkubwa.

Akanawa, akala vizuri, akamshukuru Mama. "Nakula, Mama. Lakini naenda. Bantu ba kanisa banajua minye ni mwizi."

Nilikwenda kwa mama wa maombi, nikamwomba ayakanushe maneno yake pale pale, kwenye mikro ile ile. Alitabasamu. "Mutoto yangu, Mungu alionyesha wizi. Kutu nayo si mwizi?"

Basi Jumapili Mama mwenyewe alisimama bila mikro, akasema, "Haikuwa yeye. Ni pipa." Walioketi nyuma hawakusikia.

Sasa pipa letu limeinuliwa juu ya matofali, peupe, na karai chini yake. Tone likidondoka, mtaa mzima unaliona. Kisima cha jirani bado tunakisafisha. Lakini habari ya wizi ilifika Kakanda kabla ya mpangaji wetu, imepanda lori; habari ya kutu bado inakwenda kwa miguu. Kwa hiyo kila dereva wa njia ile anayesimama kusagisha, simpi unga wake kabla hajanisikiliza.

"Kule Kakanda," ninamwambia, "useme lilikuwa pipa."