Chumvi ya jirani wa Marekani

Leo mama, akiwa jikoni kwetu Kayole, amemzuia kwa muda dada yangu Atieno kukodi nyumba Marekani.

Atieno ameshaishi huko mjini, kwenye gorofa, na kijijini katikati ya mahindi. Sasa alituonyesha kwa simu ya video nyumba ya pembezoni mwa mji.

Nyasi pana. Kimya. Hakuna mtu.

"Kaombe jirani chumvi kwanza," mama akamwambia.

"Mama, huku watu hawaombani chumvi."

"Na ukiugua utaita nani? Nyasi?"

Akaenda na simu mkononi, akabisha hodi kwa jirani. (Mlio huko, nyinyi mngebisha?)

Bibi mmoja akafungua, akaleta chumvi, kisha wakazama kwenye maongezi. Atieno akatusahau, simu ikaelekea juu. Tukabaki tukitazama mawingu ya Marekani yakipita polepole.

Mama hakukata simu.

"Achukue hiyo nyumba," akasema.