Chujio la Mrija Ndani ya Tangi

Mukuju nzima, huko mashariki mwa Uganda, ilimjua Owor kwa ufunguo. Ulining'inia kiunoni mwake kwa kamba ya katani, ufunguo wa chumba cha pampu pale kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa miaka kumi na moja hakuna mwingine aliyeushika. Pampu hiyo ilipandisha maji kwenye mabomba ya darini, yakanyunyiza ukungu nyumba nzima. Bila ukungu, pamba ya Januari hukauka, nyuzi zikakatika na kujazana kwenye mashine, kazi ikalala.

Mwaka wa sitini na nne meneja akamwajiri Rasto, fundi Msamia kutoka Busia ya Kenya, mtu wa cheti na spana zake mwenyewe. Wanawake wa kuchambua wakampenda siku ileile. Hata Athieno, mke wa Owor, aliyechambua pamba pamoja nao, akasema mezani, "Huyo Rasto ana adabu." Adabu! Chakula kikamshinda Owor. Akamchukia mtu yule hadi viatu vyake vilivyong'arishwa.

Wiki ya pili ukungu ukakatika. Meneja akasema mbele ya wote, "Atakayeurudisha ndiye atakaa na ufunguo." Kisha akamwambia Rasto aanze.

Owor akautoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa jino, ila moyoni alicheka. Ugonjwa aliujua. Zamani alichukua chujio la mrija wake mrefu wa kunywea pombe ya wimbi chunguni, lile lililosukwa kwa nyuzi za majani, akalifunga kwenye mdomo wa bomba ndani ya tangi ili takataka zisiingie. Kila kiangazi lilizibwa na manyoya ya pamba, naye alilisafisha kwa siri, watu wakamsifu kuwa ana mkono wa ufundi. Rasto, mlokole asiyegusa pombe, atalijulia wapi?

Asubuhi nzima Rasto alikuwa ndani. Saa sita akatoka, mikono imelowa, akamwambia meneja, "Mimi nimeshindwa, bwana. Mwiteni mzee."

Owor aliingia kifua mbele, meneja akisimama mlangoni. Akalivuta bomba kutoka majini, tayari kuonyesha uchafu. Chujio lilikuwa safi. Hata uzi mmoja wa pamba haukuwapo, na kamba yake ilikuwa imefungwa upya, fundo zuri kuliko lake.

Rasto alikuwa ameinama karibu naye, akijifanya anaokota spana. Akasema chinichini, "Hata baba yangu alikuwa na mrija, mzee. Nilidhani ungependa kuiwasha pampu mwenyewe."

Owor akarudisha bomba, akawasha pampu. Ukungu ukashuka, wanawake wakapiga vigelegele, meneja akamrudishia ufunguo na kumpa mkono.

Akaufunga kiunoni. Athieno alimwita kwa furaha kutoka kwenye marundo ya pamba, naye hakuweza kumtazama. Angalau jana alikuwa na siri ambayo Rasto hakuwa nayo.