Njiti Tatu

Kila Novemba, Bi Enid alimngoja dirishani fundi wa gesi aliyetumwa na mwenye nyumba kuja kukagua jiko la kupashia chumba joto. Mle mjini Oldham, Uingereza, hakuwa na mgeni mwingine. Kila mara fundi alivua viatu mlangoni, akakataa chai. "Mwakani, bibi." Mikono yake minene, yenye makovu ya moto, ilipapasa mabomba kama inampima mtoto homa. Mwisho aliwasha njiti ya kiberiti, akaizima mbele ya jiko ambalo marehemu mumewe, Wilf, alizoea kuotea moto. Moshi ukivutwa juu dohani, alitia sahihi kwamba jiko ni salama.

Mwaka huu moshi ulirudi chumbani. Akawasha njiti ya pili, kisha ya tatu, taratibu, kama anaubembeleza.

"Andika tu ni salama, mwanangu. Ni hapo tu nilipobakiwa na Wilf."

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimewasha tatu. Lakini moshi wa gesi ukirudi ndani, sumu yake haina harufu. Utalala usiamke."

Akafunga gesi, akabandika jikoni karatasi nyekundu ya kukataza lisiwashwe. Chumba kikaanza kupoa. Bi Enid akangoja aagwe. Fundi akavuta kiti, si kile cha Wilf, akaketi na koti lake mwilini.

"Ile chai," akasema, "bado ipo?"