Maneno ya Ndoa kwa Herufi za Bibi

Katika miaka ile ya tisini Kayanga, kule Karagwe, ilikuwa na kompyuta za kuhesabika, na moja nilikuwa nimeikalia mimi. Sikuinunua wala sikuielewa sana, ila nilikuwa karani wa mradi wa kupanda miti na funguo za chumba chake zilikaa kwangu. Mwenye funguo huheshimiwa hata kama ndani hamna kitu. Watu walinisalimia kwa adabu iliyozidi umri wangu, na kwetu Nyakatuntu walimwambia mama kwamba binti yake anafanya kazi kwenye televisheni. Mama hakuwasahihisha, na nilipokwenda likizo nami nikawaacha na imani yao.

Siku moja aliingia mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale Karagwe, anayeweza kugombana kwa Kinyambo toka asubuhi hadi jioni bila kutafuta neno. Mtu wa haraka sana. Hata chai aliinywa amesimama. Akaweka disketi mezani kwangu, akasema, "Dada, humu ndani mna harusi ya binti yangu. Naomba uitoe."

Nilimpa kiti, akakikataa, akanieleza akiwa mlangoni. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mwanza, na upande wa kijana walitaka ndoa ifungwe kwao, kwenye ndugu wengi na kuhani wao. Tatizo lilikuwa Bibi, yaani mama yake huyu mwenye duka. Bibi ndiye aliyemlea yule binti tangu mama yake mzazi alipofariki, na sasa miguu ilikuwa imemvimba, safari yake ndefu ikiwa ni ya kutoka jikoni hadi dukani. Gari mpaka Bukoba, kisha meli usiku kucha, hayo hayakuwa ya kumwambia mtu wa hali yake. Bibi mwenyewe alikuwa amekata maneno: harusi ya kusimuliwa si harusi.

Wakwe wakalegeza kidogo. Wakasema sawa, tutakuja Karagwe, ila lazima awepo mtu wa kusoma maneno ya ndoa kwa Kisanskriti, na ayasome sawasawa. Kuhani wao, ambaye sisi huku tulimwita padri kwa kukosa neno jingine, alikuwa mzee naye asiyeweza safari. Akaruhusu asome mkubwa wa nyumba. Na mkubwa wa nyumba aliyejua herufi zile alikuwa mmoja tu, Bibi, aliyefundishwa na baba yake akiwa msichana mdogo.

"Si ana kitabu chake?" nikauliza.

"Anacho. Mchwa wamekula harusi yote, wakaacha mazishi."

Mchwa wa Karagwe wanajua kuchagua. Na hata mchwa wangekuwa na huruma, Bibi macho yake hayakuona tena herufi ndogo. Ndipo padri akamsomea maneno hayo mpwa wa bwana harusi, huyo mpwa akayaandika kwenye kompyuta ya Mwanza kwa herufi hizi zetu za a, be, che, kwa sababu za Kihindi hakuzijua. Ndani ya disketi akaweka pia sura za herufi za Kihindi na jedwali la kuonyesha ipi ni ipi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyavua maneno nguo za kizungu na kuyavika za kwao, tena kwa saizi kubwa.

"Wewe si unasoma herufi hizi? Kwa nini usisome mwenyewe?"

"Nilijaribu. Mama akasema nikisoma vile, binti yangu atakuwa ameolewa na mbuzi."

Nikasema njoo kesho mchana utakuta tayari. Ujinga una ujasiri wake.

Programu ya kuandikia ilikuwa na uwezo mmoja nilioupenda kuliko yote: unaiambia itafute herufi fulani popote ilipo na kuweka nyingine mahali pake. Unabonyeza, inakwenda yenyewe, wewe unakunywa chai. Nikaanza na k. Herufi nzuri ikatokea, imening'inia kwenye mstari wake wa juu kama nguo kambani. Nikafurahi. Nilipofika kh, ambayo kwenye jedwali ilikuwa herufi nyingine kabisa, nikakuta hakuna kh hata moja. Programu ilikwisha kuzila zile k zote, na h zimesimama peke yake kama abiria walioachwa na basi.

Nikarudi mwanzo. Safari hii nilianza na zile ndefu, kisha fupi, kama tunavyogawa lubisi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani: wakubwa kwanza, wadogo watapata kitakachobaki. Kazi ikaanza kwenda. Haikwisha kesho yake mchana, wala kesho yake tena, na mwenye duka alikuwa akipita dirishani akichungulia kama mtu aliyeacha chungu jikoni kwa jirani.

Ukurasa wa kwanza ulipotoka nikaupeleka mwenyewe kwa Bibi. Nilimkuta ua wa nyuma ya duka, kwenye benchi, anachambua maharage. "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, akapangusa mikono, akaishika karatasi mbali na uso, akasoma kwa midomo. Kisha akacheka mpaka maharage yakamwagika.

"Mjukuu wangu, hii i yako imechelewa kila mahali."

Akanionyesha. Kuna i moja fupi ambayo husemwa baada ya mwenzake lakini kwenye karatasi hukaa mbele yake. Mimi nilikuwa nimeiweka nyuma, inakosikika.

"Sasa kwa nini ikae mbele, Bibi, na inasemwa nyuma?"

"Kwenu ukifika nyumbani, nani anakufungulia mlango?"

"Mama."

"Na unamwamkia nani kwanza?"

"Baba."

"Basi usiulize sana."

Nikarudi ofisini nikaihamisha kila i, moja baada ya nyingine, nikimlaani aliyeibuni. Nilipomrudishia ukurasa, Bibi aliusoma wote bila kukwama, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nilizoea sauti yake ya kuwafokea wapakuaji wa saruji. Hii ilikuwa nyingine, ya msichana anayemsomea baba yake, na nilisimama pale nimeshika kapu langu nikasahau kwamba nina kazi. Alipomaliza aliikunja karatasi. Nikamwambia kurasa nyingine zikitoka nitamletea afanyie mazoezi, naye akakataa katakata. Maneno ya ndoa, alisema, hayasomwi ndani ya nyumba kabla ya siku yake, yataisha utamu. Huu ukurasa wa kwanza ni wa kumwomba Mungu tu, huo hauna shida.

Msimamo huo ndio uliotuponza, pamoja na haraka ya mwanawe.

Siku ya kumalizia, mwenye duka alikuja na kidumu cha petroli ya jenereta, akasimama nyuma ya kiti changu akipumua kisogoni kwangu. Kurasa zilizobaki hazikuwa za sala peke yake. Katikati ya sala padri alikuwa ameweka maelekezo ya Kiswahili kwa ajili ya wasaidizi, kwa kuwa alijua watakaobeba maji na kuni ni watu wetu: sasa leteni hiki, sasa wekeni kile. Nikamwambia mwenye duka, haya ya Kiswahili lazima niyatenge kwanza, la sivyo yatabebwa na mafuriko.

"Badilisha yote!"

"Na maelekezo?"

"Ninayo kichwani. Badilisha yote, petroli inaisha!"

Kidumu kilikuwa kimejaa. Lakini mtu wa haraka hubishani naye. Nikabonyeza, na Kiswahili chote kikazama. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa kimening'inia kambani, na mimi sikuweza tena kujua kipi ni Mungu na kipi ni maji ya kunawa. Printa ikalia kama nguruwe, kurasa zikatoka zenye herufi nene kama vidole, na mwenye duka akazikumbatia akatoka mbio.

Harusi ilifanyika ua uleule wa nyuma. Walisimamisha vigogo vinne vya migomba na kuvifunika kwa vitambaa vyekundu, na watu wetu wakanong'onezana kwamba Wahindi wametuheshimu kweli, wameweka migomba. Baadaye niliambiwa hata India ndivyo wafanyavyo. Majirani walijaa, akina mama na vitenge vyao vya Krismasi. Wakwe wa Mwanza walikaa upande wao, na mbele yao alikaa shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye miwani, ambaye ilijulikana wazi kwamba amekuja kusikiliza makosa. Bibi aliwekwa kwenye kiti kando ya moto, kurasa mapajani. Mpagazi wa dukani, jitu la miraba minne, alisimama na bakuli la samli bila kujua la kufanya, kwa maana mwenye maelekezo kichwani alikuwa anawasalimia wageni.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri kabisa. Hata shangazi alitikisa kichwa kukubali. Bibi akafunua wa pili, akaanza, sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na kwa mahadhi yaleyale, bila kupumua, ikasema:

"Le-e-ta sa-amli, kijiko kimo-oja tu."

Mpagazi alishtuka kama aliyeitwa mbinguni. Akapiga hatua, akachota kijiko kimoja, akakimimina motoni. Moto ukawaka vizuri.

"Kumbe dini yao tunaielewa," mama mmoja nyuma yangu akasema.

Mimi nilitafuta pa kujificha nikakosa. Mwenye duka aligeuka akaniangalia, nami nikamwangalia yeye, kila mmoja akimkabidhi mwenzake lawama. Shangazi alivua miwani. Niliona kabisa neno lililokuwa njiani kutoka kinywani mwake: hii si ndoa, twendeni Mwanza. Na binti pale chini ya vitambaa vyekundu aliliona pia, kwa sababu alimshika Bibi pindo la sari.

Bibi hakuwa na habari nao. Alikuwa ameinamia karatasi, kidole kinarudi nyuma kwenye mstari.

"Hiki ni Kiswahili," akasema.

Akakisoma tena, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Maisha yake yote hapa alikuwa akinunua, kuuza, kufoka na kufariji kwa Kiswahili na Kinyambo, lakini kila kilichoandikwa kwa a, be, che, tangu kibao cha duka lake mwenyewe mpaka karatasi ya dawa, alisomewa na wengine. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, uso ukimng'aa.

"Kumbe najua kusoma Kiswahili!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Shangazi alipofungua kinywa, bwana harusi, kijana mwenye akili, akamwahi: maneno yote hayo, akasema, yametoka kwa padri wetu, hakuna lililoongezwa. Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Shangazi akarudisha miwani, na nadhani alitumia muda uliobaki kuficha kicheko kwenye sari.

Kuanzia hapo Bibi hakuzuilika. Sala alizisoma kwa unyenyekevu, na akifika kwenye maelekezo alikaa wima, akayatamka kwa raha ya mtu aliyengojea zamu yake. "Maji sasa." Maji yakaja. "Mchele kidogo, usimwage wote," akasoma, akimkazia macho mwanawe ambaye hata hakuwa ameshika mchele. Wasaidizi walitii kuliko ambavyo wangemtii tajiri wao, na shughuli ikaenda bila mtu kugongana na mtu. Nilimpenda sana Bibi siku ile, nami mwenyewe nikajiona si karani wa hovyo kama nilivyojidhania robo saa kabla.

Wakazunguka moto. Wakafungwa nguo fundo. Mvulana akawa mume, na hakuna mbuzi aliyeonekana. Nje pikapu ya kwenda Bukoba ilikwisha kuwashwa, kwa maana meli haingoji, na mizigo ya binti ilikuwa imefungwa turubai. Binti akaja akainama miguuni kwa Bibi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na baraka ya kuagana. Bibi aliusoma wote, mkono mmoja kichwani kwa mjukuu wake, sauti haitikisiki, mpaka ukafika mstari wa chini kabisa.

"Hapa mshikeni bibi yake, maana atalia."

Bibi akaishusha karatasi.

"Nani kamwambia huyo mzee kwamba nitalia?"

Lakini akina mama walikuwa tayari wameinuka. Tangu asubuhi kila kilichosomwa kilikuwa kimetekelezwa, na hili nalo lilikuwa limesomwa. Mmoja alimshika bega la kushoto, mwingine akakaa chini akaikumbatia ile miguu iliyovimba, nami nikamshika mkono wa kulia. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Binti akapanda, pikapu ikatoka getini, na Bibi akalia kama ilivyoandikwa.