Nyuzi za Njano kwenye Uzio Wangu

Shule niliiacha darasa la pili, na sioni haya kusema. Walionifundisha mimea ni mbuzi. Nilianza na mmoja wa kupewa. Leo nina zizi zima hapa Mjambere na nyumba ya mawe, na majani ya kuwalisha nimeyakata kwa mkono huu tangu Likoni hadi Changamwe. Sasa akaja binti mmoja wa chuo kikuu, mtu wa bara, akapanga chumba kwa jirani yangu muuza mahamri. Aliponiambia anatafuta mimea yote ya ukoo wa kiazi kitamu na kila mahali inapoota, nilicheka.

"Ukoo huo niulize mimi. Ukinionyesha hata mmoja nisioujua, nakuchinjia beberu wangu mkubwa."

Jirani akadakia, "Mzee, hiyo si kamari?"

"Kamari ni ya anayeweza kushindwa. Hii ni ahadi."

Basi nikamtembeza siku tatu. Tulikuwa tukitoka baada ya sala ya alfajiri, maana maua ya ukoo ule hufunguka asubuhi, na jua likipanda yanasinyaa kama mwavuli uliofungwa. Ufukweni Likoni nikamwonyesha mlakasa, jani limepasuka kama kwato la mbuzi, watambaa mchangani mpaka karibu na maji. Kwenye kinamasi cha Shika Adabu, mriba wa ziwa, shina lake lina uwazi kama mrija, ndiyo maana waelea. Changamwe, ule wa majani ya vidole vitano unaoparamia nguzo za stima. Na ule wa maua ya rangi ya waridi usiotambaa, ambao watu huupanda kwa urembo. Huo mbuzi akiuzoea hupepesuka kama mlevi, mwisho hufa. Nilizika wawili ndipo nikajua.

Yeye kila ua alilipasua akanionyesha: hakuna vipande vipande, lote ni moja, kama tarumbeta, ndiyo alama ya ukoo. Wallahi, majani hayo nimeyalisha umri wangu wote na sijapata kuchungulia ndani ya ua lake! Nikawa nashika kila ua njiani, nauliza kwa sauti mpaka watu wanageuka, "Na huyu? Huyu naye ni ndugu?"

Siku ya nne akasimama mbele ya uzio wangu wa michongoma.

"Shikamoo, babu. Hizi ni nini?"

"Marahaba. Uchafu huo."

Zilikuwa nyuzi za njano zilizojisokota juu ya michongoma, mfano wa tambi zilizomwagwa. Jani hazina. Mzizi hazina. "Hata mmea si mmea," nikamwambia.

Akanipa kioo chake cha kukuzia. Nikaweka jicho. La haula! Vikombe vyeupe, kimoja ni kidogo kuliko punje ya mchele, na chini vimeungana, vipande havikuachana.

"Ni ndugu wa kiazi kitamu, babu. Ila huyu hajitafutii. Hunyonya wenzake."

Jirani akaangua kicheko. "Ukoo gani hauna mmoja kama huyo!" Kisha akakumbuka ahadi, akanionea huruma. "Lakini mzee anaujua huu. Kila wiki huung'oa, mimi shahidi. Beberu kapona!"

Binti akanitazama. "Kama ulikuwa unaujua, babu, basi."

Beberu yule ndiye baba wa nusu ya zizi. Watu wa Kisauni yote humletea majike yao. Ningenyamaza tu, angekuwa hai hadi leo, na hapana mtu angenilaumu. Lakini nilikuwa ningali na kile kioo mkononi, moyo wanienda mbio kama mtoto siku ya Idi.

"Kuuona nimeuona," nikasema. "Kuujua sikuujua. Leteni kisu."

Adhuhuri mtaa mzima ulikuwa uani kwangu, sinia za pilau zimezungukwa. Binti alikula kwa mkono mmoja, daftari gotini. Akaniuliza kama nyuzi zile nimeziona kwingine. Hapo ndipo kichwa kilipofunguka! Ukuta wa maua njia ya Airport. Nyuma ya gereji kule Changamwe, zimefunika mlimau wa watu. Mtaro wa Mjambere, pande zote mbili.

"Polepole, babu, sijamaliza Changamwe!"

"Andika upesi, binti. Likoni hata sijaingia."